Daftari la Mapango Lililomvua Baba Yangu Tepe

Admin, nifiche jina, ila maneno yangu usiyapunguze ukali. Nimekasirika na sitaki kupoozwa.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mitano, nina mke na watoto, nafanya kazi kiwandani hapa Mbale. Naishi na baba yangu, askari magereza mstaafu. Katika nyumba tunayoishi, ambayo mabati yake nimeyaezeka mimi, sina ufunguo. Baba ameuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Akienda kliniki ya macho anamwachia rafiki yake, Mzee Rama. Mimi nikirudi kazini napiga hodi kama mgeni.

Miaka ya tisini tulikaa kambi ya magereza upande wa Jinja. Gereza lenyewe silitaji. Mzee Rama alikuwa karani, na ofisini kwake kulikuwa na kompyuta. Jumapili mchana, wakubwa wakiwa hawapo, alitufungulia mlango mimi na mwanawe Swaleh. Mjomba wa Swaleh alikuwa amemletea kutoka Kenya disketi za mchezo wa msichana mwenye taa, anayemtafuta kaka yake mapangoni chini ya ngome. Ulikuwa na sehemu tatu. Jamani, niliupenda mchezo ule! Hakuna risasi. Unaandika neno, msichana anafungua mlango. Ukikosea, anatumbukia shimoni na unaanza upya. Miaka miwili nilikaa darasani nikiwaza milango.

Ili tusirudie makosa, nikawa nachora ramani kwenye daftari. Kwa kabila Swaleh ni Mnubi, mimi Mteso, na watoto wote wa kambi tulielewana kwa Kiswahili, basi nikaandika kwa Kiswahili: "Askari wa geti la tatu analala akipewa mkate. Ufunguo uko chini ya jiwe la kisima. Ukitoka, vuka mto, mtumbwi uko kulia."

Mnaona mambo yalikoelekea? Kambi yetu ilikuwa na kisima. Mto Nile ulikuwa pale pale. Na aliyekuwa akilinda geti la tatu la gereza wiki ile ni baba yangu.

Daftari lilinidondoka njiani, askari mmoja akaliokota. Tukaitwa mimi na baba mbele ya mkuu wa gereza.

"Nani natuma wewe chora hii? Mfungwa gani?" mkuu akafoka.

"Afande, hakuna mfungwa. Hii ni mchezo ya kompyuta. Sisi nacheza kwa ofisi ya Mzee Rama."

Akaitwa Mzee Rama. Akapiga saluti, akasema bila hata kukohoa: "Afande, kompyuta ya ofisi hapana mchezo. Ufunguo nakaa na mimi. Huyu mtoto nadanganya."

Swaleh alikuwa mlangoni. Nilimtazama aseme neno moja tu. Akainama akatazama miguu yake.

Baba alivuliwa tepe zake, akahamishiwa Mbale. Mama aliacha biashara yake ya samaki pale Masese, akaanza upya Mbale kwenye vibanda vya watu wengine. Siku tunapakia vyombo, baba aliniambia mbele ya majirani, "Mimi nazaa mtu ya kufungulia wafungwa." Hakunipiga. Ningefurahi angenipiga. Tangu siku ile hajanishikisha ufunguo wowote, wa nyumba, wa kabati, wala wa baiskeli.

Na Mzee Rama? Alistaafu na tepe zake zote, akaja kuishi Mbale kwa watu wa mkewe. Kila Ijumaa akitoka msikitini anakuja kumsomea baba gazeti, kwa sababu macho ya baba yanafifia. Baba anamwita ndugu. Anasema ni Rama peke yake aliyebaki naye. Na Rama huyo anakunywa chai ya mke wangu, anaomba sukari tena!

Mwezi uliopita Swaleh, ambaye sasa yuko ng'ambo, alinitumia ule mchezo. "Ndugu yangu, zimerudi zote tatu! Unakumbuka?" Chini yake vikaragosi vya kucheka. Eti nakumbuka! Naona aibu kusema, mwanzoni nilifurahi. Vidole vilikumbuka maneno yote. Kisha nikafika geti la tatu. Askari akapewa mkate, akala, akalala. Nililia kwa hasira mpaka mke wangu akaja kuniuliza nani amekufa.

Ijumaa iliyofuata nikamwita Mzee Rama uani. Nikamwambia mchezo ninao, nitamwonyesha baba.

Akasema, "Mwanangu, wewe ulikuwa mtoto. Mimi ningefukuzwa kazi, na nilikuwa na watoto saba. Hii maneno ni ya zamani, baba yako nasahau."

"Anasahau? Hiyo kamba ya shingoni ni ya nini?"

"Sawa. Onyesha yeye. Halafu nani nasomea yeye gazeti? Wewe uko kiwandani."

Akarudi ndani, akaendelea kusoma pale alipoishia. Nami nikabaki uani, kwa sababu mwongo yule alikuwa amesema kweli.

Daktari anasema macho ya baba yamebakiza miezi michache. Maneno yangu hayaamini, ameyakataa miaka thelathini. Lazima alione geti lile mwenyewe. Nikimwonyesha, nampokonya rafiki wa pekee aliye naye. Nikinyamaza, anaingia gizani akiamini mwanawe alimuuza.

Ijumaa hii baba anaenda kliniki, na nimeshamsikia akisema ufunguo ataubakiza kwa Rama. Nyinyi mlio mbali na hasira yangu, nisaidieni mawazo. Niwashe kompyuta Rama akija kuuchukua, wote wawili wakiwa wamekaa pale, au niendelee kupiga hodi kwenye nyumba niliyoiezeka mwenyewe?