Msamaha wa Mama Perpétue

Pale Keshero, wanawake wanapoteka maji ziwani, hakuna aliyeomba kuhubiriwa. Perpétue alihubiri hata hivyo. Alikuwa mjane kutoka milima ya Masisi, muuza maziwa, na tangu aokoke mwaka wa 1974 ulimi wake haukupoa. Serikali ilikuwa imekataza majina ya ubatizo. Yeye alilitaja lake kwa sauti ya kuita ng'ombe. Watu walimsikiliza kama wanavyosikiliza mvua, wakingoja iishe.

Aliyemchosha kuliko wote ni Sibomana, fundi cherehani, ambaye baraza yake ilitazama njia ya ziwani. Perpétue akianza wimbo, Sibomana anakanyaga cherehani kwa nguvu. Akifungua Biblia, jamaa anaitikia "Amina!" hata neno la kwanza halijatoka, na watu wanacheka. Angèle tu, binti wa huyo huyo Sibomana, ndiye aliyetua ndoo yake na kupiga makofi wimbo ukiimbwa.

Perpétue akaamua kumkomesha kwa ushuhuda. Watu waliookoka wana desturi ya kuungama dhambi zao hadharani, bila kuficha. Asubuhi moja alisimama mbele ya baraza ile.

"Sibomana, sikia vile Yesu alinitoa mbali! Mbele ya kuokoka, nilikuwa natia mayi mu maziwa ya kuuzisha."

Masikini! Maji ndani ya maziwa, na mbele ya wafugaji! Kwa watu wa Masisi, afadhali ungeungama kwamba umemwibia padri.

"Kumbe hata maziwa yake yalibatizwa!" Sibomana alipiga kelele, na kufikia Jumapili hata mtaa wa jirani, Himbi, ulikuwa na neno hilo mdomoni. Wateja wakakatika. Perpétue akauza ng'ombe wake wa pekee, akaanza kulima maharagwe ya watu. Kanisani alisema amesamehe. Uongo mtupu! Kila alipoinamia jembe alimwomba Mungu amletee Sibomana siku yake.

Siku ikaja baada ya miaka miwili. Mzee Ndayambaje, mshenga kutoka Kalengera, alimkuta shambani. Kijana wa ukoo wake alitaka kumwoa Angèle, na kwao ng'ombe wa mahari hatoki zizini kabla majirani hawajaulizwa habari za nyumba ile.

"Nimekuja kwako, mama, juu weye haudanganyake. Mutu mwenye aliungama mambo ya maziwa yake mwenyewe, ataficha nini?"

Moyo wa Perpétue uliruka kwa furaha. Lakini aseme nini? Sibomana alikuwa na mdomo mchafu tu, basi, na kusingizia ni dhambi. Akaweka jembe chini. Machozi yakaja yenyewe, maana alimkumbuka ng'ombe wake.

"Angèle ni mutoto muzuri," alisema. "Baba yake... nilishamusamehe."

"Alifanya nini?"

"Hapana, muzee. Mutu akisamehe, hasemake tena. Tuwaombee tu."

Akapiga magoti kwenye udongo, akaiombea nyumba ya Sibomana kwa kirefu, akataja damu ya Yesu mara saba. Aliposema Amina, mzee alikuwa ameshashika fimbo yake na njia.

Ng'ombe wa mahari hawakuja. Cherehani ikanyamaza. Perpétue alipita mbele ya baraza ile mara tatu kwa siku, hata bila ndoo, ili tu aone Sibomana alivyoinamisha kichwa. Ilikuwa tamu, nisiwafiche. Ilikuwa tamu kuliko wimbo wowote aliowahi kuimba.

Wiki ya tatu, ziwani, Angèle alitua ndoo mahali pake pa siku zote, macho yamevimba.

"Mama Perpétue, nimeokoka," alisema mbele ya wote. "Naungama: niliwachukia sana wale watu wa Kalengera, na sijui hata tuliwakosea nini. Sasa na weye, mama. Shuhudia."

Wanawake wakatua ndoo zao. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuhubiri, kila mtu pale alikuwa anamsikiliza. Perpétue akatazama maji.

"Mbele ya kuokoka," akaanza, "nilikuwa natia mayi mu maziwa."

Angèle akapiga makofi.