Kondoo wa Posa Aliyesimamisha Treni

Hii aibu ningeificha hadi kaburini, lakini kwa kuwa video yangu bado inazunguka kwenye simu za watu hapa Makutano, heri niwaeleze mwenyewe mjue mnachocheka.

Nyote mnajua mimi ni mchinjaji. Basi ndugu yangu mdogo, Mwenda, alipopata mchumba, Kendi, binti wa Wameru waliohamia Nanyuki, nikachaguliwa kuwa msemaji wa posa. Baba wa Kendi, Mzee Mutwiri, alifanya kazi ya reli hadi akastaafu, na nyumba yake inatazamana na ile reli ya zamani ya mizigo. Njiani Mwenda alinionya: leo wanajaribu treni ndogo ya abiria, itakayokuwa ikiingiza watu mjini na kuwarudisha, na mzee ameingoja miaka mingi huku majirani wakimcheka. Mimi nikacheka kuliko majirani. Nikamwambia reli hiyo hupitisha mafuta mara moja kwa mwezi, tena mwezi ukiwa mzuri, nyasi zimeota katikati, treni gani.

Sasa kwetu, kondoo wa posa haingii bomani kabla msemaji hajasema kilichowaleta. Langoni hapakuwa na mti wala nguzo. Kulikuwa na reli. Nikamfunga hapo kwa fundo la bucha, lile ambalo hata fahali hawezi kulifungua, tukaingia, tukaambiwa tukae, mzee bado anavaa.

Hata chai haijamiminwa, honi ikalia. Nikatoka mbio, nikakuta mabehewa mawili mapya yanakuja polepole, yamepambwa kwa riboni, na kondoo amelala katikati ya reli anatafuna nyasi zake. Fundo likakataa. Nikapapasa kisu (mchinjaji mzima, siku hiyo kisu nimekiacha nyumbani, maana mtu haendi posani na kisu). Basi nikavua koti, koti lenyewe la kuazima kwa mchungaji wetu, nikasimama relini nikilipunga. Treni ikasimama hatua chache tu kutoka kwangu, madirisha yote yakajaa simu, na dereva akachungulia akaniuliza taratibu:

"Mzee, hapa ni steji?"

Kufumba na kufumbua kijiji kizima kilikuwa hapo, akina mama na mitungi ya maziwa, wanafunzi, watu wa boda. Ndipo Mzee Mutwiri akatokea na kofia yake ya kazi, bendera ya kijani mkononi. Kumbe alikuwa akijipamba aipungie treni. Alimtazama kondoo, akanitazama mimi.

"Ni wewe umefunga kondoo kwa reli?"

"Ni mimi, mzee. Tumeleta posa."

Watu wakaangua kicheko. Mwenda hakucheka, alikuwa amejishika kichwa, na hapo ndipo moyo uliponiuma, kwa sababu niliona nimemharibia ndugu yangu ndoa kwa ujuaji wangu.

Mzee akatoa kisu mfukoni, akakata kamba. Kisha akashuka kwenye treni mama mmoja, injinia, wala hakuwa na habari na kondoo, alikuwa akiutazama ule umati. Akauliza kama wote hao wanaishi hapa, maana kwenye ramani yake hapakuwa na kituo. Mzee akasimama wima, akamwonyesha mmoja mmoja: huyu hupeleka maziwa mjini, yule huenda shule, yule hospitali, kila siku kwa miguu. Injinia akaandika. Mzee akajifuta macho kwa bendera.

Posa ilipokelewa, pamoja na faini: kondoo wa pili, nimlete mimi mwenyewe. Nilimpeleka mwezi uliofuata, kamba mkononi saa zote, hata wakati wa kula. Mzee akanitoa hadi nje ya lango, akanionyesha kigingi chekundu ambacho wapimaji wamepigilia palepale nilipofunga fundo langu. Kituo bado hakijajengwa, lakini watu wameshakipa jina: Kwa Kondoo.

Nimeapa, chuma cha serikali hata kikiota msitu, sifungi mnyama hapo tena. Na treni ikianza nitaipanda kwenda kwa wakwe, na konda akiniuliza nashukia wapi, itabidi nilitaje jina hilo kwa mdomo wangu mwenyewe.