Majina Mawili ya Mwishehe

Jambo la kwanza ambalo watu waliligundua kwa Karani Zahoro wa bomani, ofisi ya serikali ya wilaya, ni kwamba hakutosheka na jina moja. Ukimwambia unaitwa Adamu, kalamu yake ilibaki hewani. "Na nyumbani wanakuitaje?" Alikuwa mtoto wa Kisarawe, alijua kuwa mwanamume huwa na jina la utotoni, na akitoka jandoni hupewa jingine.

Mwaka 1943, wakati wa vita, ujuzi huo ulimponza. Boma, polisi na ofisi ya kudhibiti bei ya Dar es Salaam, kila ofisi ilikuwa na orodha yake ya wenye maduka waliofungiwa biashara kwa kulangua nguo na sukari. Mtu aliyefungiwa na polisi aliweza kupewa kibali bomani siku hiyohiyo. Bwana Shauri, ofisa Mzungu wa wilaya, akamwagiza Zahoro aziunganishe orodha hizo. Ili asiponyoke mtu, Zahoro aliandika majina yote mawili ya kila mmoja, kila jina na namba yake. Nakala zikaenda kote, naye akasifiwa.

Miezi minne baadaye ikabainika kwamba Mwishehe Pazi, mwenye duka Vihingo, alikuwa amesingiziwa. Barua ikaja: namba 31 ifutwe. Zahoro akaifuta kwa mkono wake. Lakini Mwishehe alipoomba mgao wa nguo akafukuzwa tena. Namba 32, Kitwana Pazi, ilikuwa bado imefungiwa.

Mkewe, Biubwa, akaja bomani kwa miguu.

"Shikamoo, mama," alisema Zahoro.

"Marahaba. Huyo Kitwana wenu ni nani?"

"Ni mumeo, mama. Ni jina lake la utotoni."

"Kumbe nina waume wawili! Mmoja kaachiwa, mwingine kafungiwa. Leo nimpikie yupi?"

Watu waliokaa kwenye benchi wakaangua kicheko. Zahoro aliinamisha kichwa.

"Jina hilo ulimwuliza mwenyewe," Biubwa aliendelea, sasa bila mzaha. "Akakujibu kwa heshima. Jumamosi hii mgao wetu anapewa mtu wa Maili Moja. Duka tutafungua na nini, karani?"

Zahoro aliwaendea polisi. Wakasema hawafuti jina bila ofisi ya bei. Ofisi ya bei ilikwisha kujibu kwamba orodha imetoka bomani. Bomani, aliyeitengeneza alikuwa yeye. Akikiri, ingejulikana kwamba orodha nzima iliyomletea sifa ina kasoro ileile, na pengine kazi ingemtoka.

Usiku ule hakulala. Asubuhi aliweka barua mbele ya Bwana Shauri: namba 31 na 32 ni mtu mmoja, kosa ni langu. Bwana Shauri aliisoma mara mbili, akatia sahihi bila kumtazama. "Dar es Salaam wakikubali, sawa. Habari yako tutaizungumza baadaye."

Ijumaa ikafika bila jibu. Biubwa alikuwa kwenye benchi tangu alfajiri, kanga ameikunja magotini. Alasiri lori la barua kutoka Dar es Salaam likasikika likipanda kilima kwa kukoroma. Zahoro akaiacha kalamu, akatoka, akasimama kando yake.

"Ndilo hilo?" Biubwa aliuliza.

"Ndilo, mama."

Wote wawili wakakazia macho kona ya barabara.