Nembo za Msichana wa Kijapani

Nampenda msichana mmoja wa Kijapani ambaye hajawahi kuzaliwa. Ni wa kuchorwa. Ana nywele za kijivu, macho makubwa kama visahani, na mistari myeusi kwenye paji la uso na mashavuni, alama ya ukoo wake wa wapiganaji. Nimemfuatilia kwenye simu sehemu baada ya sehemu, nikisoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha huku bando likiniishia mahali pabaya. Navijua vizazi vinne vya ukoo wake. Wa kwangu naishia kwa bibi.

Tuna kikundi hapa Masasi, watu wazima wenye kazi zetu: muuguzi, fundi simu, walimu wawili na mimi. Ukituuliza tunapenda nini kwenye anime, katuni hizi za Kijapani, tutakuambia kwamba Wajapani wanaheshimu mila zao. Tunalisema hilo kwa uchungu kabisa, kana kwamba sisi tulidondoka kutoka hewani. Mmoja wetu huinama Kijapani akipokea sahani ya chipsi, lakini shikamoo kwa mama anayezikaanga humtoka kwa shida.

Nafanya kazi steshenari, kwa hiyo nilimchapa msichana wangu kwa rangi, karatasi kubwa, nikambandika ukutani juu ya kitanda. Kikundi kilikuwa na shindano la kuvaa kama wahusika tunaowapenda, Jumamosi. Gauni lilishashonwa, wigi lilishafika kutoka Dar. Ilibaki mistari ya usoni tu.

Ijumaa akaja bibi mzaa mama, mkulima wa korosho wa Chilangala, kupimwa macho hospitalini. Bibi yangu ana nembo, zile chale za Kimakonde zilizopakwa mkaa wa mbarika zikabaki nyeusi maisha yote. Zinaanzia kwenye paji, zinateremka mashavuni. Nilipokuwa bweni, kidato cha pili, alikuja kunitembelea, wenzangu wakamcheka, nami nikamwambia siku nyingine asije, amtume mjomba. Hakuja tena. Sijawahi kumwomba radhi, ingawa kila mwaka nilijiapiza kwamba mwaka huu nitamwomba.

Jumamosi asubuhi nilikuwa mbele ya kioo na wanja mkononi. Bibi akausogelea ukuta, akamtazama msichana wangu kwa macho yake yenye ukungu mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Mke mwenzangu, mbona mgeni huyu hukunitambulisha?" alisema. "Mtoto wa nani?"

"Ni picha tu, Bibi."

"Picha ina mwenyewe. Nembo hizi si za huku kwetu. Fundi wake atakuwa wa upande wa Msumbiji. Ila ana mkono mzuri." Akalipapasa lile shavu la karatasi. "Alilia?"

"Nani?"

"Huyu. Alipochanjwa."

Nikamweleza kwamba ni Mjapani, kwamba amechorwa kwa kalamu, hakuna aliyemchanja, na kwamba watu wa nchi nyingi wanampenda kwa sababu ya mistari hiyohiyo. Nilieleza kwa fahari, kama mwenye mali, na mstari wa kwanza nilishaupitisha kwenye paji langu mwenyewe. Ndipo nikasikia ninachosema, na ninamwambia nani. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Bibi akakaa kitandani. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Mimi nililia," alisema. "Siku ya kuchanjwa nililia mpaka fundi akasimama kwanza, mama akanishika kichwa. Halafu nikalia siku niliyotoka shuleni kwako. Kwenye basi, mpaka Newala."

Miaka yote nilikuwa nimejiambia kwamba labda hakuelewa, kwamba labda alidhani namhurumia kwa safari ndefu.

"Lete huo wanja," alisema. "Unaupindisha. Kaa hapa."

Nikakaa sakafuni, katikati ya magoti yake. Alifuta mstari wangu kwa kidole chenye mate, kisha akaanza upya. Hakuinua macho kwenye picha hata mara moja. Alikuwa anapapasa uso wake kwa mkono wa kushoto na kuchora wangu kwa wa kulia.

"Nisamehe, Bibi," nikasema.

"Usilie," akasema. "Unaniharibia mistari."