Chupa Arobaini Ambazo Hazikuwahi Kufika

Admin, tafadhali nifichie jina. Mimi ni dada wa miaka ishirini na tisa, naishi Meru mjini na kwetu ni Mikinduri. Nilimaliza kusomea kompyuta nikakaa nyumbani miaka mitatu, kwa hivyo nilipopata kazi mama yangu alisimama kanisani akatoa shukrani mbele ya watu wote. Sijui atasimama wapi akisikia hili.

Kazi yangu ni kujaribu mfumo wa kufuatilia dawa kutoka stoo hadi vituo vya afya. Unatumia blockchain. Kwa lugha rahisi, ni daftari la kompyuta ambalo kitu kikishaandikwa humo hakifutiki, hata na waliolitengeneza. Kila mkuu wa kituo ana ufunguo wake wa siri kwenye simu, na huo ndio sahihi yake. Mimi huurushia mfumo mizigo mingi ya uongo kwa wakati mmoja, nione kama utakwama.

Nilihitaji ufunguo mmoja wa kweli wa kujaribia, nikaenda kituo kimoja upande wa Gachoka. Muuguzi mkuu wa pale nitamwita Sista, maana kila mtu humwita hivyo. Alinipokea kama mtoto wake, akanipa uji kabla hata sijaeleza shida yangu. Siku hiyo akina mama walikuwa wamejaa na watoto wa chanjo, na netiweki ilipatikana nyuma ya choo tu. Akanipa simu yake.

"Shika, madam. PIN nimekuandikia hapo. Enda umalize hiyo kitu yako, mimi niko na watoto."

Nilijua hairuhusiwi. Lakini nilikuwa nimechoka na sikutaka kurudi tena, kwa hivyo nikaunakili ufunguo wake kwenye laptopu yangu nikamshukuru nikaenda.

Wiki iliyofuata nikafanya jaribio. Mfumo wa majaribio na ule wa kweli hutofautiana anwani tu, na mimi nilisahau kuibadilisha. Nikarusha mizigo kwenye mfumo wa kweli. Vituo vyote nilivyobuni vikakataliwa, lakini cha Sista kikakubaliwa kwa sababu ufunguo wake ulikuwa wa kweli: amepokea chupa arobaini za dawa ya sumu ya nyoka. Na mimi mjinga nilipiga makofi pale ofisini kwa sababu mfumo haukukwama! Kosa nililiona kesho yake.

Nilimwendea bosi nikamweleza yote. Akafunga mlango.

"Hiyo haifutiki, unajua. Ku-correct ni uandike ingine juu yake, useme ni wewe na ulikuwa na key ya mtu. Wacha wafadhili wa huu mfumo wamalize kukagua. Ukiongea saa hii, sisi wote tunaenda home."

Nikanyamaza. Nilijiambia ni wiki chache tu, nani ataumwa na nyoka kwa wiki chache?

Mama mmoja aliumwa akivuna ndengu. Sista alikuwa ameishiwa na dawa na alikuwa ameagiza nyingine, lakini stoo waliangalia daftari wakaona ana chupa arobaini, wakamwambia atumie alizo nazo. Yule mama alikimbizwa hospitali ya Embu. Alipona, ila mguu ulikatwa chini ya goti. Sasa watu wanasema Sista aliuza dawa. Amesimamishwa kazi, na wanawake aliowazalisha kwa mikono yake wanampita sokoni bila salamu.

Juzi alinipigia. Nilidhani amejua, nikakaa chini kabisa.

"Madam, si wewe ndio mtu wa kompyuta? Aki niangalilie ni nani aliniandika hiyo kitu. Sijawaambia nilikupea simu, wasikuharibie kazi bure. Wewe najua huwezi kunifanyia hivyo."

Nilimwambia nitaangalia.

Jumatatu Sista anaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Bosi ananituma huko kama mtaalamu, nikaseme mfumo wetu haukosei. Na kusema ukweli haukukosea, uliandika kile nilichouandikia. Sista naye ameomba akae karibu na mimi. Anasema akiniona hapo atapata nguvu.

Nikisema ukweli kazi imeisha, pengine nishtakiwe, na mama yangu aaibike mbele ya kanisa zima. Nikinyamaza, Sista wa watu atabaki mwizi maisha yake yote, maana daftari lile halisahau. Najichukia jamani, na naogopa sana.

Najua wengi wenu mtaniambia niseme. Basi nisaidieni na neno la kwanza tu. Nitaanzaje, na yeye atakuwa amekaa kando yangu, amenishika mkono?