Mapazia ya Vyumba Vitupu

Siku aliyopanga kuhama, Mama Mapazia alifungua skrubu za cherehani yake, akainyanyua kutoka kwenye meza ya chuma na kuiviringisha ndani ya blanketi. Vitambaa alikuwa ameshavifunga tangu jana yake. Vilibaki sufuria, godoro, na kiti kimoja alichokiacha makusudi apate pa kukalia akisubiri gari la mizigo. Mdogo wake, anayekaa karibu na stendi mpya, alikuwa amemwandalia chumba cha chini chenye dirisha pana na mlango unaofunguka moja kwa moja uani. Ngazi hakuna hata moja. Kwa mwanamke wa miaka sitini na tatu, mwenye goti linalolia kama bawaba kavu, hakuna habari tamu kuliko hiyo aliyoisikia tangu afiwe na mumewe.

Alikuwa ameishi ghorofa ya pili ya jengo lile la manispaa kwa miaka ishirini na sita. Aliingia mtaa ukiwa umechangamka, mabasi yakishusha watu mwisho wa barabara, na mtu akitaka kuvuka upande wa pili sharti asubiri. Mapazia ya hoteli ya pale kona aliyashona yeye. Ya posta, yeye. Ya maharusi wasiohesabika, yeye. Ndipo jina likamganda. Kisha stendi ikahamishiwa kando ya barabara kuu, nje kabisa ya mji, na maduka yakaifuata moja moja kama watu wanaochomoka kwenye mkutano uliochosha. Hoteli ikafunga. Duka la dawa likafunga. Majirani wa ghorofani wakahama, huyu akiaga, yule hata bila kuaga, mpaka jioni moja akagundua kwamba kinachosikika kwenye korido ni ndala zake mwenyewe, basi.

Sasa, akiwa amekaa kwenye kile kiti, akasikia miguu ngazini. Alidhani ni wapagazi. Kumbe ni watu watatu wa manispaa, wakiongozwa na katibu wa kamati ya kufufua katikati ya mji, bwana mmoja wa shati lililopigwa pasi barabara na sauti ya mtu aliyezoea kufungua vikao. Wote walikuwa wanahema. Katibu akaeleza kwamba wananchi waliombwa kutoa mawazo, na mawazo yalimiminika. Wapo waliotaka majengo yapakwe rangi, wapo waliotaka taa, wapo waliotaka magari yapigwe marufuku Jumamosi ili watu watembee kwa raha, ingawa magari yenyewe hayakuwepo. Mmoja alitaka sanamu ya farasi, na hakueleza kwa nini. Lakini wazo lililopita ni moja: watu warudi kuishi juu ya maduka. Watu wakiishi, maduka yatafunguka. Na walipokagua majengo yote ya mtaa walikuta mtu mmoja tu ambaye hajaondoka.

"Wewe ndiye ushahidi wetu, mama," katibu akasema. "Kwamba inawezekana."

Mama Mapazia akalitazama lile blanketi. Katibu naye akalitazama, akauliza kama anafanya usafi. Hapo ndipo Mama Mapazia alipokosea, na mwenyewe alikiri hivyo baadaye: alitakiwa kusema nahama. Neno lilimfika kooni kabisa. Lakini ilikuwa miaka mingi hakuna aliyepanda zile ngazi kumuuliza chochote, na hawa watatu walikuwa wamesimama mbele yake jasho likiwatiririka, wakimsikiliza kama mtu wa maana. Akasema ndiyo, anafanya usafi. Gari la mizigo lilipofika, akalirudisha.

Wiki haikuisha, sura yake ilikuwa kwenye bango kubwa pale mzunguko wa kuingilia mji, akitabasamu dirishani, na chini yake maneno: "Mimi naishi katikati ya mji. Karibu, jirani." Watu aliokwisha kuwasahau walimpigia simu kumpongeza. Kinyozi mmoja wa stendi mpya alimwambia picha imempunguzia miaka kumi. Mdogo wake hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, akapanda ngazi akiwa amefura.

"Dada, chumba nimekipaka rangi," alisema akiwa bado mlangoni. "Wewe uko huku unakaribisha majirani?"

Mama Mapazia akamwomba avute subira mwezi mmoja tu, mpaka jambo lipoe. Halikupoa. Kamati ilikaa tena, ikaona madirisha matupu yanafukuza wageni. Mtu akiinua macho anaona vioo vyeusi tu. Dawa yake, wakasema, ni mapazia. Yatundikwe kwenye vyumba vyote vya ghorofani, mtaa uonekane unakaliwa, na wenye kukaa watakuja. Madirisha arobaini na manane. Na ni nani wa kuyashonea kama si yeye? Tangu hoteli ifungwe hakuwa amepata kazi kubwa namna hiyo, na lile bango halikuwa limemletea mteja hata mmoja. Akaweka sahihi. Kwenye karatasi ya pili katibu akamwonyesha kwa kidole sharti dogo, kwamba fundi awe mkazi wa mtaa huo kwa muda wote wa mradi. Mradi ulikuwa wa miaka mitatu.

Akaitoa cherehani kwenye blanketi.

Wakampa fungu zima la funguo. Akawa anaingia chumba hiki na kutokea kile, utepe wa kupimia shingoni, akipima madirisha ya watu waliokuwa majirani zake. Kwa mpiga picha alikuta kalenda bado iko ukutani, imekomea mwezi wa nane. Kwa muuza viatu, sakafu ilikuwa na alama nne za miguu ya kitanda. Alipima, akaandika, akatoka, akafunga. Alishona ya maua, ya mistari, ya rangi ya maziwa, kila dirisha na lake, maana katibu alisisitiza yasifanane, watu wasije wakashtuka. Alipotundika la mwisho alishuka barabarani akatazama juu. Kweli, mtaa ulionekana umejaa. Ungeapa kwamba nyuma ya yale maua kuna mama anachambua mchele, na nyuma ya mistari kuna mzee kajilaza. Alitegemea kufurahi. Badala yake alijiona kama mtu aliyefungiwa stoo. Amejishonea mtaa mzima wa majirani na hakuna hata mmoja wa kumwomba chumvi.

Mwezi wa tano wa mradi mdogo wake alipiga simu. Sauti ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomtia hofu. Mkwewe amejifungua, amekuja kulelewa pamoja na mtoto wake, wamekichukua kile chumba.

"Usinione mbaya, dada. Nilikungoja."

Alisema hakuna neno, akaulizia uzito wa mtoto, akaagana naye vizuri. Siku hiyo hakushona tena.

Ndipo akaja mwalimu. Alikuwa amehamishiwa shule ya jirani, na mkewe alikuwa msusi. Katibu aliwaleta mwenyewe, akawaonyesha vyumba viwili vinavyotazamana na cha Mama Mapazia, na fremu ya duka huko chini panapofaa saluni. Mwalimu alikuwa anagonga kuta na kufungua mabomba. Msusi yeye alisimama dirishani, akiyaangalia yale mapazia ya ng'ambo moja baada ya jingine, midomo ikicheza kama anahesabu. Kisha akageuka.

"Mama, wewe ndiye mwenyeji. Mtaa ukoje?"

Katibu alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma. Mama Mapazia alijua jibu alilotakiwa kutoa na alijua jibu la kweli, na akatafuta njia ya kupita katikati ya hayo mawili.

"Umetulia," akasema.

Wakalipa kodi ya mwaka.

Siku ya nne, jua lilipozama, msusi alibisha hodi. Aliuliza kwa heshima tu, kama mtu anayetaka kuelekezwa, kwa nini wale wa ng'ambo hawawashi taa. Mama Mapazia akamwambia hakuna mtu.

"Na mapazia?"

"Nimeyashona mimi."

Msusi hakupandisha sauti. Alikaa kwenye kiti, akavua ndala moja, akaivaa tena.

"Nilihesabu yale madirisha," akasema, "nikajiambia, wote hao wana vichwa vya kusuka."

Akaondoka bila kuaga. Kwa siku tisa walipishana kwenye korido kama watu wa nchi mbili. Mama Mapazia alisikia vyombo vyao, alisikia mwalimu akikohoa, alisikia mlango. Kwa miaka alikuwa ameomba sauti za watu, na sasa zilikuwepo, kila moja ikimchoma.

Kikao cha kamati kilipofika alikwenda. Tangu lile bango yeye pia alikuwa amefanywa mjumbe, ana kiti na chupa ya maji, ila hakuwahi kufungua mdomo. Siku hiyo alisimama. Aliwaambia kwamba akiumwa kichwa anatembea saa nzima kutafuta kidonge. Kwamba kutoka posta hadi mzunguko hakuna choo hata kimoja, na mtu mzima hawezi kutembea mji wa namna hiyo. Kwamba tangu stendi ihame hakuna gari la abiria linaloingia mtaani, halafu wao wanazungumzia farasi.

"Mnataka watu warudi," akamaliza. "Warudi na nini?"

Halafu, kwa vile alikwisha kusimama, akaomba pia lile sharti la ukazi liondolewe, aende akapumzishe goti kokote atakakopata. Mwenyekiti alicheka kidogo, si kwa ubaya.

"Mama yangu, ukiondoka wewe, tutamwonyesha nani?"

Choo kikaingizwa kwenye mpango wa mwaka unaofuata. Basi likakubaliwa kwa majaribio, siku tatu kwa wiki, asubuhi na alasiri. La sharti halikuandikwa popote.

Alipomweleza msusi, yule binti alisikiliza akiwa anapanga vitana vyake. Hakusema asante na hakusema amesamehe. Alisema tu, "Basi usije ukatuacha humu peke yetu," kwa sauti ya mtu anayedai haki yake, na Mama Mapazia akakubali kwa kichwa, maana aliona ni haki kweli.

Basi la kwanza lilileta watu kumi na wawili, nusu yao ndugu wa wajumbe. Mmoja alikuwa mdogo wake. Alisukwa kwa msusi, akalalamikia zile ngazi, akala, akasema pazia la chumbani limepauka. Alasiri walishuka pamoja taratibu. Katibu alikuwa barabarani na kamera. Akamwomba Mama Mapazia naye apande basi apigwe picha, akae dirishani, atabasamu kidogo.

Akapanda. Kiti kilikuwa laini, kimepata jua mchana kutwa. Goti likatulia. Mdogo wake akamshika kiganja, akamwinamia sikioni.

"Kaa hivyo hivyo. Usishuke. Tutabanana hata sebuleni."

Katibu akasema picha imetoka safi, shukrani. Dereva akawasha gari, akauliza kama kuna anayeshuka. Mlangoni kwa saluni msusi alikuwa amesimama na kitana mkononi, anatazama madirisha ya basi, hili na lile, akimtafuta.

Mama Mapazia akauachia mkono wa mdogo wake. Akaomba njia kwa watu waliokaa mbele, akatanguliza mguu mzima, akashuka.