Mtoto wa Nyuni Hapigwi Sindano

Nilipokuwa mtoto kule Junda, Mombasa, nepi za mtoto mchanga zilianuliwa kabla jua halijapoa, na ole wake msichana aliyesahau hata moja kwenye kamba. Msichana mwenyewe alikuwa mimi, maana kwetu hapakuwa na mwingine. Nyanya, mama yake baba, alikaa kwenye kigoda mlangoni akinifuata kwa macho, na nikichelewa kidogo tu utamsikia: "Sidi! We Sidi! Wamngoja nyuni aje akuanulie?" Nami mbio, "Abee nyanya, naja," nepi zimenijaa mikononi mpaka sioni ninapokanyaga.

Nyuni ni ndege, lakini si ndege wa kumwona. Ndivyo tulivyoambiwa. Hupita juu tu, na kivuli chake kikiangukia nepi, au utosi wa mtoto aliyetolewa nje saa mbaya, basi mtoto hushikwa. Macho yanageuka, taya zinakaza, mikono inapigapiga kama mbawa. Hospitalini wanasema degedege, linaletwa na homa. Nyanya hakugombana na neno hilo, alisema hilo ni jina la hospitali tu, ndege ni yuleyule. Kinga yake ilikuwa mvuje, ule utomvu unaouzwa kwenye maduka ya dawa za kienyeji, unaonuka mpaka pua inauma. Hushonwa ndani ya kitambaa cheusi, mtoto akafungwa mkononi au kiunoni. Harufu ile nyuni hawezi kuistahimili. Mimi pia siwezi, hadi leo nikipita duka lenye mvuje huvuka barabara.

Sasa mama yangu alikuwa mtu wa bara, alikuja Mombasa akiwa msichana kufanya kazi za nyumbani kwa watu Nyali, akaolewa na baba, akaokoka. Kuokoka kwake hakukuwa kwa Jumapili peke yake. Alipika ameokoka, alifua ameokoka, hata akijikwaa kwenye jiwe alimkemea shetani kwanza ndipo aangalie kidole. Baba alikuwa dereva wa lori, leo yuko Malaba kesho yuko Kampala, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake wawili na mimi katikati. Mama akinifundisha mistari ya Biblia jikoni, nyanya ananifundisha uani ni miti gani haikatwi kuni. Nilishika yote. Mtoto hashindwi kuamini vitu viwili.

Baada ya miaka mingi ya mama kupoteza mimba akazaliwa ndugu yangu. Nyanya alimwita Karisa, jina la babu. Mama alimwita Emanueli. Mwenyewe aliitikia yote mawili, yaani alimchekea kila mtu, alikuwa na mashavu yale ya kubonyezwa, na fizi tupu.

Nyanya akamfunga mvuje wake mkononi. Mama hakupenda lakini alinyamaza, ni mama mkwe, utasemaje. Ikaja Jumapili moja, kanisani kwetu, lile la mabati nyuma ya gereji, mchungaji akapita kuwawekea watoto mikono akakiona kile kitambaa.

"Dada," akasema kwenye kipaza sauti, "mtoto huyu ni wa nani?"

"Wa Bwana, mchungaji."

"Mbona amefungwa kamba kama mbuzi wa mtu?"

Kanisa zima likacheka. Mama alicheka pia, nakumbuka, huku shingo imeiva kwa aibu. Mkasi ukatoka kwenye mkoba wa mtu, mama akakata pale pale mbele ya watu, vigelegele, makofi, mpiga kinanda akapandisha sauti. Mimi nilipiga makofi kuliko wote. Niliona mama yangu ni shujaa.

Nyumbani nyanya aliutazama mkono mtupu wa mtoto.

"Umekata."

"Nimekata, mama. Kwa jina la Yesu."

"Haya," akasema nyanya. "Huyo Yesu wako mwambie basi awe anaanua nepi, mimi magoti yaniuma."

Nilicheka mpaka mama akanifinya. Tulikuwa tunacheka bado, siku hizo.

Kisha mvua zikaja, mbu wakaja, na Karisa akapata homa. Kanisani kwetu palikuwa na desturi ambayo nikiwaeleza watu sasa hunitazama, lakini kwetu ilikuwa kawaida kabisa: kushuhudia kwa imani. Maana yake, husimami kusema Mungu amekutendea, unasimama kusema ametenda wakati bado hajatenda, mtoto bado anaungua mgongoni, na ukishasema hivyo basi umefunga, hakuna kurudi nyuma, kwa sababu ukirudi umemfanya Mungu mwongo. Watu walishuhudia kazi ambazo hawajapata, viwanja ambavyo hawajanunua. Jumapili ile mama alimpaka mtoto mafuta ya maombi kichwa chote, akasimama mbele, akasema, "Namshukuru Mungu, Emanueli wangu amepona." Tukaimba. Niliugusa mguu wa mtoto nikasikia moto, nikajiambia moto huu ni wa uongo, ukweli ni ule aliosema mama.

Alasiri ile mtoto akashikwa. Ilikuwa vile vile alivyosema nyanya, macho, taya, mikono ile. Mama akaanza kukemea kwa sauti. Nyanya akaleta makaa na chetezo, akafukiza. Jirani yetu Bi Zuena, mke wa fundi cherehani, alisikia kelele akaja hadi mlangoni na leso imemponyoka kichwani.

"Jamani mpelekeni hospitali! Wallahi mtoto anaungua huyu, mwafanya nini?"

"Mtoto wa nyuni hapigwi sindano," akasema nyanya bila kugeuka. "Akichomwa naye ameshikwa, harudi."

Bi Zuena akamgeukia mama. "Wewe je, mwenye mwana?"

Mama alikuwa amefumba macho. "Nimeshashuhudia," akasema. "Nimeshashuhudia mbele ya kanisa, dada. Nitarudi niseme nini?"

Wanawake wale wawili hawakuwahi kukubaliana juu ya chumvi ya mboga. Siku ile walikubaliana, kila mmoja kwa njia yake, kwamba tungoje. Tukangoja. Akatulia kidogo wakashukuru wote wawili, mmoja huku, mmoja kule. Akashikwa tena. Hatimaye Bi Zuena akaacha kuomba ruhusa, akamnyakua mtoto, akatoka naye mbio kuelekea barabarani kutafuta tuktuk, mama nyuma yake hana viatu. Walirudi upesi mno. Nilipoona wanatembea polepole nilijua.

Akina mama wa kanisa walikuja kumwosha. Waliniambia nilete maji, nikaleta, nikasimama pale na jagi kwa sababu hakuna aliyeniambia niondoke. Walipomvua fulana wakakuta kitambaa cheusi kiunoni, kimefungwa vizuri kwa fundo la nyanya. Alikuwa amemrudishia kimyakimya, nadhani alipomvisha asubuhi ile ya kwenda kanisani.

Mama mmoja akakishika kwa ncha za vidole. "Ndicho hiki," akasema. "Hiki ndicho kilichomzuia Mungu."

Nyanya alikuwa mlangoni, macho mekundu. "Na hayo mafuta yenu?" akasema. "Mvuje haupakwi mafuta juu. Mmeuvunja nguvu, mmemwita ndege na mikono yenu."

Wakasemezana juu ya yule mtoto. Mimi nilikuwa na jagi na nilikuwa nafikiria jambo dogo tu, jambo la mtoto, sikulipanga. Nilikuwa nafikiria: kumbe alikuwa navyo vyote viwili. Mafuta kichwani, mvuje kiunoni. Hakukosa kitu. Nilingoja mtu mkubwa aliseme hilo. Hakuna aliyesema, wakamaliza kumwosha, tukaenda kumzika Kaloleni kwa babu.

Watu hudhani imani hupotea kwa kishindo, mtu anagombana na Mungu, anatupa Biblia. Yangu haikuwa hivyo. Nilibaki kanisani miaka. Niliimba kwaya, nilifundisha watoto wa shule ya Jumapili, shule ya upili nilikuwa kiongozi wa chama cha Wakristo na niliwaombea wenzangu kabla ya mtihani wakanishika mikono wakilia, na mimi nilikuwa nalia kwa sababu wao wanalia. Lakini kila mtu aliposimama kushuhudia nilikuwa nasikia uzito wa lile jagi mkononi. Mtu akipona, Mungu. Asipopona, imani ilikuwa ndogo, au kuna kitambaa mahali. Nyanya naye vivyo hivyo na ndege wake. Nilichoka. Sikukasirika, nilichoka, kama unavyochoka kumsikiliza mtu ambaye kila jibu lake liko tayari. Siku moja nikagundua ni muda mrefu sijaomba nikiwa peke yangu, na kwamba hakuna kilichobadilika, ila kwamba naogopa zaidi.

Hilo ndilo ambalo hawakuniambia, kwamba ningeogopa hivi. Sasa nina mtoto wangu, msichana, ameanza tu kukaa bila kuegemezwa. Mume wangu yuko hotelini Nyali, shifti juu ya shifti. Mimi ni msusi, na mwenye saluni alisema Jumatatu nirudi au atamchukua mwingine. Na mtu wa kukaa na mtoto ni mmoja tu, mama yangu, anayekaa Frere Town peke yake siku hizi, nyanya alishafariki, baba pia. Mama anampenda mjukuu wake hadi anamnusa kichwa kama maandazi. Mama bado ameokoka. Alitaka nimlete mtoto kanisani Jumapili awekwe wakfu kabla hajaanza kumlea, na mimi kila nikilala nilikuwa naona mtoto ana homa, mimi niko na kichwa cha mtu mkononi, na mama amefumba macho.

Kabla ya Jumapili hiyo ikawa kweli. Mama alikuwa kwangu, mtoto akaamka kutoka usingizini amechemka. Mama akamgusa paji la uso na mkono wake mwingine ukaenda kwenye mkoba, nikajua ni chupa ya mafuta, hata sikungoja kuiona, nilimnyakua mtoto na leso na kitabu cha kliniki nikatoka hivyo hivyo, mlango wazi, ugali jikoni. Kwenye benchi la zahanati midomo yangu ikaanza yenyewe, "Bwana nakuomba," na nikasikia jinsi pale nilipokuwa nikipeleka maombi palivyokuwa patupu. Nikafunga mdomo. Nikabaki kumhesabu mtoto pumzi.

Walipima damu, ilikuwa malaria. Muuguzi alipokuwa anamchoma sindano mama akaingia, ametembea njia nzima, anahema. Mtoto akapiga ukelele.

Mama akasimama pale mlangoni. "Analia," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Yule hakulia."

Miaka yote hii hakuwahi kumtaja. Tukakaa kwenye benchi la nje, mtoto amelala kifuani kwangu na kipande cha pamba pajani, na nikamwambia kwa sababu nilijua nisiposema pale sitasema kamwe. Nikasema, mama, Jumapili sitakuja. Wala nyingine. Nikasema siamini tena, mama, nilijaribu, siwezi, na siwezi kukuachia mtoto kama sijui utafanya nini akishikwa na homa, ni heri nipoteze kazi, nisamehe, siwezi. Yote kwa pumzi moja.

Nilidhani atakemea. Alikunja leso yake, akaikunjua.

"Wewe unaweza kuacha," akasema. "Mimi nikiacha, Sidi, yule mtoto nitamweka wapi? Sasa hivi yuko kwa Bwana. Nikiacha atakuwa wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kubishana na mchungaji, na hapa palikuwa na mwanamke tu aliyekuwa na mtoto mmoja mahali pamoja, na mimi nilikuwa nataka kumfungia mlango. Nikamshika mkono.

"Usiache, mama," nikasema. "Sikuambii uache. Lakini huyu akiwa na joto, unakwenda hospitali kwanza."

"Hospitali kwanza."

"Hata kama hujanipata kwa simu."

"Hata kama sijakupata."

"Hata kama umeshashuhudia."

"Hata hivyo," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo kama anayeomba ruhusa: "Na kuomba je?"

"Omba mkiwa njiani."

Akatikisa kichwa kukubali, na nikaona kwamba hilo la hospitali alikuwa ameshalijua. Alijua kabla yangu, pengine tangu pale barabarani bila viatu. Ila hakuna aliyewahi kumpa njia ya kulijua jambo hilo bila kumpoteza mtoto mara ya pili.

Nafikiria sana siku hizi kwamba kuamini kulikuwa ni kupumzika. Uliweza kumweka mtu kitandani ukasema yuko mikononi mwa mwingine, ukafumba macho. Mimi sijafumba. Siwalaumu mama na nyanya, walikuwa wamechoka na walikuwa wanaogopa, kama mimi, na kila mmoja alikuwa na mahali pa kuupeleka ule woga ila mahali pale hapakuwa na dawa. Mimi nina dawa na woga wote nimebaki nao.

Jumatatu asubuhi mama alikuja mapema, amevaa rinda lake la kanisani ingawa si Jumapili. Aliuliza zahanati inafunguliwa saa ngapi na njia ya mkato ni ipi, nikamwonyesha. Kisha akaniuliza kwa upole, bila mtego, kama huku nje ya imani niliko kuna raha. Nikamwambia hakuna, mama. Nikampa mtoto, nikaenda kazini.